Kesi Isiyo na Mwisho: Tuliyojifunza Tukijenga Maktaba ya Picha za Radiolojia

Zama za filamu, kila idara ya radiolojia niliyoipitia ilikuwa na kabati lake la kufundishia. Ndani mlikuwa na bahasha za kaki, na katika kila bahasha filamu ya mgonjwa ambaye mwalimu fulani aliona hafai kusahaulika: kibofu chenye ukuta uliogeuka chokaa kwa kichocho, uti wa mgongo uliopinda kwa TB, mifupa ya mtoto mwenye selimundu. Tulizipachika kwenye sanduku la mwanga tukabishana mpaka jioni.

Mashine za kidijitali zilipoingia, tulidhani kabati hilo sasa litajijaza lenyewe. Likawa tupu. Diski ya mashine ya CT, ile inayopiga picha za mwili kipande kwa kipande, ikikaribia kujaa, mashine hufuta picha za zamani ili zipate nafasi za leo. Mgonjwa anaondoka na CD yake au filamu iliyochapwa, na idarani inabaki ripoti tu. Picha inayodumu ni ile ambayo mtu aliipiga kwa simu mbele ya skrini akaituma kwenye kundi la WhatsApp. Mionzi tunapiga kuliko wakati wowote uliopita, lakini kumbukumbu ya kujifunzia tunayo haba kuliko waliotutangulia.

Mimi ni bingwa wa radiolojia katika hospitali moja ya Kanda ya Ziwa. Kwa miaka kadhaa, mimi na wenzangu wachache tumekuwa tukijenga maktaba ya picha za kidijitali kwa ajili ya kujinoa sisi wenyewe tuliokwisha kuhitimu. Mwanafunzi ana mwalimu wa kumwambia amekosea wapi. Bingwa aliyepangiwa hospitali yenye bingwa wa radiolojia mmoja au wawili hana. Anasoma picha asubuhi hadi jioni, ripoti zinakwenda wodini, na mara nyingi hajui hata siku moja kama alichoandika kilikuwa kweli. Semina zinampa alama za mafunzo endelevu za kuhuisha leseni. Jicho linahitaji kitu kingine.

Naulizwa sana na wenzangu wa mikoa mingine waanzie wapi, nami naandika ili wasilipie tena tuliyokwisha kuyalipia sisi.

Tulianzia palepale walipo wengi, kwenye simu. Mtu akiona kesi nzuri anapiga picha skrini, anaituma kundini, wenzake wanakisia. Lilikuwa jambo la furaha, na nisiseme halikutusaidia. Kilichotufungua macho ni kesi ya kijana aliyeletwa kwa kifafa kilichoanza ghafla. Kundini ilikuja picha moja ya CT ya ubongo: duara dogo linalong'aa pembeni, na uvimbe wa maji ukilizunguka. Karibu sote tuliandika TB ya ubongo. Picha zilipofunguliwa zote kwenye kompyuta, kipande kwa kipande, vipande viwili chini ya kile kilichotumwa palikuwa na kifuko kingine cha maji chenye kidoti cheupe ndani. Kidoti hicho ni kichwa cha kiluwiluwi cha tegu la nguruwe. TB na tegu kwenye ubongo zinafanana sana katika picha moja iliyoganda, ilhali tiba zake haziko hata karibu. Aliyepiga picha hakuwa na kosa lolote, alichagua kipande kilichong'aa zaidi, kama yeyote angefanya. Tatizo ni kwamba kuchagua kipande ndiyo nusu ya kazi ya radiolojia. Ukimpa mwenzako kipande ulichokwisha kuchagua, umemfanyia kazi ambayo ndiyo aliyohitaji kuifanyia mazoezi.

Kuna na jambo la vivuli. CT huhifadhi takribani viwango 4,096 vya ukolevu katika kila piseli, yaani kila nukta ya picha. Picha ya kawaida ya simu au ya JPEG ina viwango 256 vya kijivu. Vilivyobaki hupotea, na hupotea kwa namna aliyoiamua mtu aliyekuwa mbele ya skrini wakati ule, kwa dirisha alilolifungua, yaani sehemu ya viwango aliyochagua kuionyesha, yenye upana wake na kitovu chake. Anayesoma CT anajua kwamba ubongo hutazamwa kwa dirisha la upana 80 na kitovu 40, mapafu upana 1,500 na kitovu hasi 600, mifupa upana wa kama 2,000. Sasa fikiria damu nyembamba iliyolala kati ya ubongo na fuvu. Kwenye dirisha la kawaida la ubongo, weupe wa mfupa unaimeza. Ukipanua dirisha hadi kama 200 inajitenga na mfupa mbele ya macho yako. Damu hiyohiyo ikikaa wiki mbili tatu huwa na rangi moja na ubongo, na kinachokuonyesha ni mikunjo ya ubongo iliyosukumwa kutoka kwenye fuvu. Hakuna namna ya kujifunza hayo kwa picha iliyogandishwa. Lazima mkono wako uwe kwenye kipanya, upandishe na ushushe vipande, ufungue na ufunge dirisha wewe mwenyewe.

Kwa hiyo kanuni yetu ya kwanza ikawa: kesi inaingia maktaba ikiwa nzima, katika mfumo wa DICOM, yaani muundo wa faili wa mashine za picha za hospitali, kama ilivyotoka mashineni, au haiingii.

Wengi hapa wanaogopa gharama, na hofu yenyewe ni kubwa kuliko gharama. Kipande kimoja cha CT kina piseli 512 kwa 512, kila moja baiti mbili, yaani nusu megabaiti. Uchunguzi wa vipande 400 ni kama megabaiti 200. Diski ya nje ya terabaiti 2 inabeba chunguzi za namna hiyo kama 10,000, na idara ya kawaida haitafikisha kesi za kufundishia za idadi hiyo. Seva yetu ni kompyuta ya mezani iliyokuwa imestaafishwa na ofisi nyingine. Programu ni Orthanc, iliyozaliwa katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Liège huko Ubelgiji, ambayo ni huria na haina ada. Inapokea picha moja kwa moja kutoka mashineni kupitia mtandao wa ndani na wala haihitaji intaneti. Kijana wetu wa TEHAMA aliisimika huku akijifunza. Pesa iliyotutoka ilikwenda kwenye diski mbili, kwa sababu nakala moja si hifadhi, na kwenye UPS, betri inayoishikilia kompyuta umeme ukikatika. UPS msiiahirishe. Umeme ulipokatika seva ikiwa katikati ya kuandika, tulipoteza sehemu ya kazi iliyotuchukua muda mrefu, na hakuna aliyeweza kuirudisha. Pesa hiyo ilitoka mifukoni mwetu kabla uongozi haujashawishika, na kwa baadhi yetu haikuwa ndogo.

Kazi kubwa kuliko zote, ambayo wengi hawaioni hadi iwakute, ni kumficha mgonjwa.

Faili la DICOM halina picha peke yake. Limebeba jina, namba ya hospitali, tarehe ya kuzaliwa, jina la daktari aliyeagiza, jina la hospitali, na nafasi za ziada ambazo kila mtengenezaji wa mashine hujaza anavyopenda. Programu ya kufuta utambulisho inafuta yaliyo kwenye orodha yake, nasi tulijiamini hapo mno. Baadaye mtaalamu wa mionzi, dada makini sana, alifungua kesi ya ultrasaundi tuliyokwisha kuiita safi, akatuonyesha jina kamili la mama mjamzito pembeni ya picha. Mashine nyingi za ultrasaundi huchapa jina ndani ya picha yenyewe, kwenye piseli, mahali ambapo programu ya kufuta maandishi ya faili haifiki. Tukafungua kesi zote upya. Tukakuta na mengine: fomu ya maombi iliyoskaniwa ikaunganishwa na uchunguzi kama vile ni kipande cha mwisho, na mafaili ambayo jina la faili lenyewe ni jina la mgonjwa. Nilikosa usingizi usiku ule. Yule mama alituamini wakati akiwa katika hali ya kutojiweza.

Sasa kila kesi hupitiwa na macho ya watu wawili, kipande cha kwanza hadi cha mwisho, kabla ya kuingia. CT ya kichwa yenye vipande vyembamba tunaikata sehemu ya uso, kwa kuwa programu ya kujenga sura ya pande tatu inaweza kuutoa uso wa mtu ukatambulika. Tarehe hatuzifuti, tunazisogeza zote kwa idadi moja ya siku, ili anayesoma ajue bado kwamba kati ya picha ya kwanza na ya pili ilipita miezi mitatu. Namba za ndani zinazounganisha faili na mashine zinabadilishwa pia.

Hata hivyo kuna utambulisho ambao hakuna programu inayouona. Ukiandika “mvuvi wa miaka 34 kutoka kisiwa fulani, alijeruhiwa na kiboko”, wilaya nzima inamjua. Maelezo ya kesi tunayapunguza hadi yanayohitajika kusoma picha: mwanaume, miaka ya thelathini, jeraha la kifua. Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya miongoni mwa taarifa nyeti, na wenzetu wa Kenya wana sheria yao ya 2019. Pateni barua ya uongozi wa hospitali kabla ya kesi ya kwanza, na mshirikisheni anayesimamia maadili. Sisi tuliifuata barua hiyo baadaye, tukapoteza wiki nyingi tukieleza kitu ambacho kingekuwa rahisi kueleza mwanzoni.

Sasa nije kwenye lile ambalo kama ungesoma moja tu, ningetaka liwe hili.

Tulipofikisha kesi za kutosha tukaanza vikao. Kesi inafunguliwa, watu wanasema wanachoona, kisha msomaji anasoma jibu. Siku moja rejista mmoja, yaani daktari anayesomea ubingwa, kijana mpole, akauliza jibu hilo tumelitoa wapi. Kimya. Jibu lilikuwa ripoti yetu wenyewe. Tulikuwa tunajifunza kutoka kwenye maoni yetu na kujipongeza kwa kukubaliana nayo. Kama ripoti ilikosea, tulikuwa tunalifundisha kosa lile kwa watu wengi zaidi, kwa heshima zote za kikao cha asubuhi.

Tatizo hili si letu peke yetu. Mwaka 2017 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitoa hadharani picha 112,120 za eksirei ya kifua kutoka kwa wagonjwa 30,805. Ni hazina, na inafaa kupakuliwa hata na hospitali ndogo. Lakini majina ya magonjwa yaliyobandikwa kwenye picha hizo yalitolewa na programu iliyosoma ripoti, na mabingwa wa radiolojia waliozipitia waliona mengi yasiyolingana na picha. Picha nyingi zilizoandikwa kwamba hewa imevuja kifuani zilikuwa za wagonjwa waliokwisha kuwekewa mpira wa kutoa hewa. Anayejifunza kwazo anaweza kuwa hodari wa kutambua mpira.

Tukaamua kwamba kesi haikamiliki hadi tupate mwisho wake: alichokiona daktari wa upasuaji, majibu ya patholojia (kipande cha nyama kilichopimwa maabara), au picha ya marudio baada ya tiba. Kesi zisizo na mwisho tunazo, ila zimetengwa na haziruhusiwi kuitwa jibu.

Kuufuata mwisho ni kazi ya miguu. Mgonjwa anapewa rufaa kwenda hospitali nyingine anapata namba nyingine. Jina lake linaandikwa kwa herufi tofauti kila dirisha. Majibu ya patholojia yanarudi baada ya wiki kadhaa, kwa karatasi, na karatasi inakwenda kwa daktari aliyechukua kipande hicho cha nyama kwa mgonjwa, kwetu haifiki. Tulichokigundua ni kwamba daftari la chumba cha upasuaji ndiyo hazina iliyo karibu kuliko zote. Sista anayelitunza, ukimsalimu vizuri na kumweleza unachokitafuta, atakusaidia kuliko mfumo wowote wa kompyuta. Tunaweka orodha ya kesi zinazosubiri mwisho, na kila Ijumaa mmoja wetu anashuka nayo: chumba cha upasuaji, maabara, kliniki ya saratani. Ndugu wa mgonjwa hatuwapigii simu sisi. Daktari wake ndiye anayewajua, na simu ya mtu wasiyemjua inayouliza habari za marehemu inatonesha kidonda bila sababu.

Maana mara nyingi mwisho wenyewe ni huo. Unamtafuta mtu kwa ajili ya somo, unakuta amefariki. Hili sikuwa nimejiandaa nalo. Kwa miaka mingi wagonjwa wangu walikuwa picha zinazopita, na sasa nilikuwa najua walikoishia. Nadhani nimekuwa msomaji bora kwa sababu hiyo, ila siku nyingine narudi nyumbani nimechoka kwa uchovu usio wa mwili.

Miisho ikaleta na jambo jingine: zile tulizozikosa. Uvimbe uliokuwepo kwenye picha ya mwaka mmoja kabla, wazi kabisa ukishajua pa kutazama. Hizi ndizo zinazofundisha kuliko zote, na ndizo zilizotishia kuua vikao. Mzee mmoja wa idara, tunayemheshimu sana, aliacha kuja baada ya ripoti yake kufunguliwa mbele ya vijana. Alikuwa na haki ya kukasirika. Tulibadilisha utaratibu. Jina la aliyeandika ripoti linafutwa kama tunavyofuta la mgonjwa, na kesi haifunguliwi kabla ya miezi sita kupita. Kila mtu, bingwa na rejista, anaandika jibu lake kwenye karatasi isiyo na jina, na karatasi zote zinakusanywa kabla mtu hajasema neno. Kisha zinasomwa kwa sauti. Mzee alirudi.

Karatasi zile zilitufundisha zaidi ya tulivyotarajia. Zamani, bingwa mkubwa akisema kwanza, wote tuliona alichokiona yeye. Sasa tunaona jinsi majibu yanavyotofautiana kweli, na mara kadhaa karatasi iliyokuwa peke yake ndiyo iliyokuwa sahihi. Kuandika kabla ya kusikia kunakufunga. Huwezi kujiambia baadaye kwamba uliona.

Huwa nawasimulia wageni wa kikao majaribio ya mwaka 2013 ya Trafton Drew na wenzake huko Marekani. Mabingwa wa radiolojia 24 walipewa CT za mapafu watafute vinundu. Katika uchunguzi wa mwisho ilipachikwa picha ya sokwe, kubwa mara 48 kuliko kinundu cha kawaida. Ishirini kati yao hawakumwona, na zaidi ya nusu ya hao macho yao yalipita palepale alipo. Hawakuwa wazembe, walikuwa wanatafuta kitu kingine. Ndiyo maana kesi nzuri ya kujifunzia haina swali la “onyesha uvimbe”. Mpe mtu uchunguzi mzima na dalili zilezile zilizoandikwa kwenye fomu, basi.

Ndiyo maana pia maktaba inahitaji picha za kawaida kabisa, za watu wasio na ugonjwa. Tulichelewa kuziingiza. Katika vikao vya mwanzo kila mtu alijua kwamba lazima kuna kitu, hivyo tukaanza kuona magonjwa kwenye tezi ya thaimasi ya mtoto mchanga na mivunjiko kwenye mifereji ya kawaida ya mishipa ya mifupa. Sasa karibu theluthi ya kesi ni za kawaida, na aliyeandika “hakuna tatizo” kwa usahihi anapongezwa sawa na aliyekamata tegu.

Makusanyo ya nje tunayatumia: Radiopaedia, iliyoanzishwa na Frank Gaillard wa Australia mwaka 2005, na Eurorad ya chama cha radiolojia cha Ulaya. Tunapakua usiku, bando linapokuwa nafuu. Ila kichocho cha ini, kifua cha mtu mwenye TB na VVU kwa pamoja, saratani ya koo la chakula iliyochelewa, hivyo tunavyo sisi kwa wingi. Bingwa wa radiolojia wa Ulaya anaweza kustaafu bila kuvisoma mara nyingi, na anayeripoti Kahama au Musoma anakutana navyo kila wakati. Kama sisi hatukuvihifadhi vikiwa vizima na miisho yake, sioni nani atakayevihifadhi.

Linalotusumbua leo ni uhamisho. Sisi ni watumishi wa umma, barua inakuja na mtu anaondoka. Mwenzetu mmoja alipohamishwa, aliondoka bila kukusudia na ufunguo unaounganisha namba bandia na namba halisi za wagonjwa, na kwa muda kesi zote zilizokuwa zinasubiri mwisho hazikuweza kufuatiliwa. Sasa ufunguo huo umeandikwa kwenye daftari moja lililofungiwa kwenye kasha la idara, mbali na seva, na nywila zinajulikana kwa watu wawili wa vyeo tofauti. Utaratibu mzima, tangu kutuma picha kutoka mashineni hadi kufunga kesi, tumeuandika kwa Kiswahili katika kurasa chache zilizobandikwa ukutani kando ya seva, na kila mtaalamu wa mionzi mpya anaufanya mara moja kwa mikono yake akisimamiwa. Atakayetaka nakala ya kurasa hizo kwa ajili ya idara yake tutampa bila malipo, ila aje na barua ya uongozi wake kwanza.